Mafunjo Yangu na Maji ya Moto ya Wifi

Mmenishika kooni. Kila nikikaa, "Bibi, andika habari zako." Kalamu inanitoa jasho kuliko jembe, na nyinyi wajukuu mmekaa tu mnasubiri. Haya. Lakini mtu asinisahihishe.

Nilipoolewa nilikuja na sanduku la nguo na mafunjo ndani ya karai. Si yale marefu ya ziwani. Haya ni mafupi, bua jembamba lisilo na kifundo, na majani juu yake kama mwavuli uliofunguliwa. Alinipa mama yangu. Watu walicheka, bibi harusi kaja na majani. Majani hayo ndiyo yaliyomsomesha baba yenu. Niliyagawa mashina, nikayatia kwenye vyungu visivyo na tundu, watu wakanunua wakapamba maofisi yao. Mafunjo hayana makuu: miguu majini, kichwa juani, na bua likikauka ulikate chini kabisa bila huruma.

Niliyapanda nyuma ya nyumba, penye tope la maji ya vyombo. Ng'ambo ya ukuta alikaa wifi yangu, dada wa mume wangu, mchinja kuku. Alilitaka lile tope amwage manyoya na matumbo.

"Wifi, majani yako yanafuga nyoka."

"Nyoka namjua mmoja tu, na ananyonyoa kuku."

Akanirushia kichwa cha jogoo, kikanipata jichoni. Nikamrudishia tofali. Ndivyo tulivyoamkiana.

Asubuhi moja narudi kutoka kupeleka vyungu kwa wateja, nakuta kashafyeka mafunjo yote kwa kisu cha kuku. Na juu ya mizizi anamwaga sufuria la maji ya kunyonyolea, mvuke unapanda. Mafunjo ukiyakata yanakushukuru, yanachipua zaidi. Ukiyachemsha mizizi, umeua. Sikuwa na mbegu nyingine. Ya kwenye vyungu nilishauza, na kwenda kuomba kwa niliowauzia, heri nife njaa.

Nilimrukia. Nilimvuta nywele mpaka chini, akaning'ata bega, nikamsugua uso kwenye tope. Akanitwanga kisogoni kwa sufuria. Mume wangu alitoka, akatuona, akaingia uvunguni mwa kitanda. Baadaye alisema alikuwa anatafuta kiatu.

Majirani wakatuachanisha. Mizizi ikaoza yote.

Sasa oneni upumbavu wake. Vile vichwa vya mafunjo alivyovikata alivitupa kwenye pipa lake la maji machafu yaliyokwisha kuosha kuku, vioze humo. Hakujua kwamba kichwa cha mafunjo ukikizamisha majini kinatoa mizizi katikati ya majani yake. Na maji yale yalikuwa damu tupu, mbolea ya bure. Mvua zilipoanza nikachungulia juu ya ukuta, nikaona kijani kinachomoza pipani.

Nikauparamia ukuta. Nimeshayakumbatia kifuani, wifi huyo, na kisu mkononi.

"Weka chini, mwizi wee!"

"Mwizi wa changu?"

"Kilicho pipani mwangu ni changu!"

"Basi kata. Siachii."

Akakata kweli. Mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja, mpaka nikaona cheupe. Sikuachia. Nikamtwanga kichwa mdomoni, meno ya mbele yakadondoka. Nikalipiga pipa teke, likammwagikia mwili mzima. Akalala kwenye manyoya ananitukana, na bila meno sikuelewa hata tusi moja. Nikaruka ukuta damu inachuruzika, nikayapanda kwanza. Ndipo nikaenda hospitali. Daktari akauliza mbona kidonda kina tope. Nikamwambia, wewe shona.

Vidole viwili havikunjiki tena. Wifi yuko palepale ng'ambo ya ukuta. Ananiita Mama Majani, namwitikia Bibi Pengo. Hatujasameheana wala hatuna mpango huo. Tope ni langu, na mafunjo yamejaa mpaka ukutani.

Yamejaa kupita kiasi. Yamebanana, ya katikati yanakauka, yanataka kupasuliwa mashina na kupandwa upya, na panga silishiki sawasawa. Mlitaka habari, mmeipata. Jumamosi asubuhi mje, kila mtu na panga lake lililonolewa na nguo za kuchafua. Atakayeniambia ana kazi, asinipe shikamoo tena.