Fukusi Anayejifanya Maiti

Shangazi yetu wa Kongowe alituma ujumbe kwamba anakuja Marui kutazama kama mimi, niliyeacha shule kidato cha kwanza baada ya wazazi kufariki, naweza kweli kumlisha mdogo wangu wa mwisho. Akiona siwezi, ataondoka naye.

Kwa hiyo niliacha matuta yote ya viazi bila kuyachimba. Kwetu viazi hukaa ardhini, unatoa vya leo tu. Ndiyo ghala letu. Nilitaka shangazi achimbe mwenyewe, aone shibe. Jua likawaka wiki baada ya wiki, matuta yakapasuka nyufa za kuingiza kidole. Nikafurahi, nikidhani viazi vinanenepa.

Kumbe nilikuwa nawafungulia wageni mlango. Fukusi, mdudu mharibifu wa viazi, hawezi kuchimba. Husubiri ardhi ipasuke, akateremka hadi kwenye kiazi, akakitoboa, akataga yai, kisha akaziba tundu kwa kinyesi chake kama fundi wa plasta. Mtoto wake hula akiwa humo humo, na kiazi huwa kichungu hata mbuzi hakitaki.

Shangazi akafika, tukamwamkia, akashika jembe. Kiazi cha kwanza, matundu. Cha pili, matundu na harufu.

"Hiki ndicho unachomlisha?"

Shangazi akaokota mdudu mweusi mwembamba, mfano wa sisimizi mwenye pua ndefu, miguu kaikunja.

"Afadhali huyu amekufa."

"Hajafa, shangazi," alisema mdogo wangu. "Anajifanya. Subiri."

Tukasubiri, vichwa vitatu juu ya kiganja kimoja. Fukusi akanyoosha mguu, kisha akakimbilia ndani ya mkono wa baibui la shangazi. Shangazi aliruka tuta zima bila kugusa chini.

Alipomkung'uta, alikuwa amekasirika. "Haya, wewe, kafungashe nguo zako."

Mdogo wangu akajilaza katikati ya matuta, akakunja miguu, akafumba macho.

"Inuka!"

Hakuinuka.

"Mtekenye," shangazi aliniamuru.

Nilimtekenya, kwa uvivu, nakiri. Hakutikisika. Shangazi akamtekenya mwenyewe, mpaka kicheko kikamshinda yeye, akaketi juu ya tuta.

"Mimi maiti siibebi hadi Kongowe." Kisha akanigeukia. "Msimu ujao ukate mbegu za kupanda nchani mwa mmea, fukusi hutaga kule mashinani. Na kila ufa uufukie. Nitarudi kuchimba."

Aliondoka na fungu la matembele. Baibui lilipopotea kwenye kona, mdogo wangu akafumbua jicho moja.

"Ameshakwenda?"

Nikampa jembe tukafukie nyufa za matuta yaliyobaki. Akafa tena.