Mbingu ya Mke Mmoja

Wanawake wengine huachwa kwa sababu ya uvivu, wengine kwa sababu ya ulimi, na wengine kwa sababu mume ameona mwingine mwenye shingo ndefu. Mama yangu aliachwa kwa sababu ya mbingu. Ukiachwa kwa sababu ya jirani, unaweza angalau kumvizia kisimani. Mbingu utaivizia wapi?

Tulikuwa Kawangware, wakati huo ni mahindi na miti ya miwati tu. Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza tulimwita mama mkubwa, na wa pili ndiye aliyenizaa. Waliishi vizuri, na nikisema vizuri simaanishi kama malaika. Walinuniana siku za mvua kuni zikiwa mbichi, na jua likitoka walikaa kuchambua maharagwe pamoja wakimsengenya baba. Kisha baba akaanza kwenda darasa la ubatizo kule misheni. Akarudi na habari kwamba kuna mji wa dhahabu usio na kodi ya nyumba wala kipande cha kuning'iniza shingoni, ila mlango wake ni mwembamba. Mzungu wa misheni alikuwa amemweleza wazi kwamba mwanamume hupita pale na mke mmoja, yule wa kwanza. Baba akapiga hesabu, akaona mama amezidi.

Alimwacha kwa heshima, lazima niseme. Alimwombea kwanza, kisha akamwonyesha njia. Mimi nilibaki, kwa sababu kwa desturi yetu mtoto ni wa baba, na pia, nadhani, kwa sababu misheni ilikuwa bado haijaweka kikomo cha watoto. Mama hakutaka kurudi kwa ndugu zake waanze kumhoji kosa lake. Alitia nguo zake kwenye kiondo, akashuka Kibra.

Huko alipata chumba Makina, kwa mjane mmoja Mnubi ambaye marehemu mume wake alikuwa askari. Yule mjane aliposikia kisa cha mpangaji wake alicheka mpaka akashika ukuta. Kwao mwanamume mwenye wake wawili aliswali safu ya mbele na hakuna aliyemwambia achague. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akasema, usiache mbachao kwa msala upitao, na huyo mumeo ameacha mbachao kwa msala ambao hata hajauona. Baadaye alimsaidia mama kupata sufuria kubwa, na mama akaanza kuuza mahindi na maharagwe ya kuchemsha kando ya njia waliyopita watu wa kazi.

Huku nyuma baba alibatizwa, akawa mtu wa ushuhuda. Jumapili kwa Jumapili alisimama mbele ya kanisa akieleza jinsi alivyokuwa amefungwa na dhambi, na jinsi dhambi ile ilivyoondoka nyumbani kwake. Watu walisema amina. Mimi nilikaa kwenye mkeka pamoja na watoto wengine, nikijua kwamba dhambi ile iko Makina, na kwamba jana yake ilinipakulia sahani ya githeri kutoka sufuria ile na kunisuka nywele. Kama ile ndiyo dhambi, basi niliipenda sana, na nilikuwa nikitembea kwa miguu kuifuata.

Darasani kwetu kulikuwa na picha kubwa ya njia mbili, moja nyembamba ya kwenda mbinguni na moja pana ya kwenda motoni. Nilimtafuta mama kwenye njia pana nikamkosa. Wanawake wote pale walikuwa Wazungu wenye kofia. Nilifarijika. Siku moja tulisomewa kwamba kule juu watu hawaoi wala hawaolewi, nikauliza, kama ni hivyo, mbona mlangoni wanahesabu wake? Nilijibiwa kwa fimbo. Mpaka leo sijapata jibu lingine.

Baba akapanda cheo, akawa mzee wa kanisa. Kazi yake kubwa ikawa mazishi. Aliijua mbingu kama alivyoijua Dagoretti siku ya soko, nani yuko upande gani, nani hakufika. Wajane walikuja kwake kuuliza habari za waume zao, na yeye aliwajibu bila kusitasita, huyu yupo, huyu pole mama. Aliwakataza kulia. Kifo, alisema, ni kuvuka kizingiti tu, na Mkristo anayekiogopa anamwaibisha Bwana wake.

Basi kifua kikamshika yeye. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mtu yule yule aliyewahimiza wenzake wafurahie kuvuka alilishika blanketi kwa mikono miwili kama kuna mtu anamnyang'anya. Wazee wenzake walikuja wakaketi kuzunguka kitanda, wakamwimbia juu ya mji wa dhahabu, na kila walipofika kwenye kiitikio yeye aliomba maji. Namcheka sasa. Siku zile sikucheka, maana alikuwa baba yangu, na alikuwa akiogopa, na hakuna aliyetaka kuliona.

Asubuhi moja aliwanyamazisha. Akamwita mama mkubwa, akaniita na mimi.

"Kila nikifumba macho nafika pale mlangoni," alisema. "Siulizwi nina wake wangapi. Naulizwa yule mmoja nilimwacha wapi."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema ni homa. Baba akasema si homa, mtoto huyu akamwite mama yake, anataka kusikia kutoka kinywani mwake kama amemsamehe, na asiposikia haendi popote. Kwenda alijua ataenda tu. Alichotaka ni kusikia neno lile kabla ya kwenda, na pumzi ilikuwa ikimwishia.

Nilikimbia mpaka Kibra. Mama alikuwa kwenye sufuria. Alinisikiliza, akampa yule mjane mwiko, akafunga leso kichwani, tukatoka. Mjane alituambia twende na Mungu, wala hakutaja ni wa dini gani. Njiani mama aliuliza neno moja tu, kama baba anakula. Nikasema hali. Akaongeza mwendo mpaka nikawa nakimbia kando yake.

Tulifika jua likiwa kali. Sasa, mtu wa kawaida angefanya nini? Angefungua mlango. Lakini wazee wa kanisa si watu wa kawaida. Walikuwa wamekaa shauri tangu nilipoondoka, na walikuwa wamegundua hatari. Je, mzee huyu akikata roho wake wote wawili wakiwa chumbani? Si atakuwa amekufa na wake wawili? Miaka yote ya ushuhuda imwagike mlangoni kabisa? Waliogopa, haki ya Mungu, kwamba malaika angechungulia, ahesabu leso, arudi zake.

Mkubwa wao alitoka nje akamwambia mama asubiri chini ya ukuta. Mama akaketi. Boma lile alilisiriba kwa mikono yake, lakini sasa lilikuwa la watu, na yeye hakuwa mwanamke wa kupaza sauti kwenye boma la watu.

Mama mkubwa akasema jambo ni jepesi, yeye atatoka, mwenzake aingie, chumbani atabaki mke mmoja tu. Wazee wakatafakari. Wakasema hiyo ni mbaya zaidi, maana atakuwa amekufa mikononi mwa yule wa kuachwa huku wa ndoa yuko nje. Mama mkubwa aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akatoka, akaenda akaketi chini ya ukuta, bega kwa bega na mama yangu, kama walivyokuwa wakikaa na maharagwe. Hakuna aliyekuwa amemruhusu.

Nilisimama mlangoni. Baba alikuwa ameelekeza uso huku kwangu.

"Amefika?" aliuliza.

"Amefika, baba. Yuko nje."

Nikaambiwa ninyamaze. Shauri lilikuwa limefika mahali pagumu, kama inaruhusiwa mwanamke aseme kupitia ukutani, kwa kuwa sauti peke yake si mtu kamili. Jambo zito hivyo haliamuliwi kwa akili za kibinadamu, kwa hiyo mkubwa wao akasema tuombe. Wakafumba macho. Yule mzee alikuwa na kipawa cha maombi, alianzia Edeni, akavuka Bahari ya Shamu, akawapitia manabii bila kumruka hata mmoja. Mimi sikufumba. Nilimwona baba akijaribu kuinua kichwa, macho kwenye mlango, na kichwa hakikuinuka. Nilimwona akiachia blanketi. Walipofika amina na kufumbua macho, mtu wao alikuwa ameshaondoka, na hakuna hata mmoja wao aliyemuaga.

Mkubwa wao alivua miwani, akatangaza kwamba ndugu yetu amevuka salama, tena pasipo hata mke mmoja chumbani, usafi ambao haujawahi kuonekana. Aliyasema hayo kwa furaha ya kweli.

Nilitoka nje nikawaambia mama zangu. Mama yangu alifunika uso kwa leso, akalia, yeye aliyeachwa, akalia kuliko mtu yeyote pale. Mama mkubwa alimngoja. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini, wewe ulikuja kumwambia nini.

"Kwamba nilishamsamehe zamani," mama alisema. "Nilidhani anajua."

Mama mkubwa akainuka, akajikung'uta vumbi, akaenda akasimama mlangoni pale waliponizuia kusema.

"Mtu wenu alikuwa ameshasamehewa," aliwaambia. "Ninyi ndio mmemzuia asisikie."

Mmoja wao akaanzisha wimbo, na wengine wakaupokea kwa sauti nne, vizuri sana.