Maziwa Yasiyofika Kagoma

Sifa zimrudie Mungu wetu, aliyenilisha nikiwa sijajua hata kuomba, kisha akanipa nami mtoto wa kulisha. Kabla sijasimulia habari hii ndogo namshukuru kwa ajili ya mama mkwe wangu, aliyekwisha kupumzika. Nilimpenda, na sijawahi kumwonea mtu mwingine wivu kama nilivyomwonea yeye.

Vita vya mpakani vilikuwa vimepita, na ule ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeingia karibu kila nyumba ya Kagera. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Bukoba mjini. Tulikaa Buhembe, mimi na mume wangu, karani wa ghala la kahawa. Nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, mama wa mume wangu alikuja kutoka Kagoma, Muleba, kunisaidia. Alikuwa mjane, na alikuwa amezika watoto wake wakubwa wawili. Mume wangu ndiye aliyebaki. Kwa hiyo alimpokea mjukuu kama mtu aliyerudishiwa kitu chake.

Likizo ya uzazi ikaisha nikarudi darasani. Kila nilipofika nyumbani mchana, matiti yamejaa mpaka gauni limelowa, nilimkuta mwanangu mgongoni kwa bibi yake, ametulia, ananukia samli aliyopakwa na mikono isiyo yangu. Mama alimgeuza kidogo anione.

"Haya, mgeni wako huyo. Msalimie."

Mume wangu alicheka. Nami nilicheka, kisha nikaingia chumbani kuvua viatu, nikakaa huko muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji.

Jioni moja mama alisema, bila kuinua sauti, kwamba mtoto akishaanza kukaa atakwenda naye Kagoma. Kwetu mjukuu wa kwanza kulelewa kwa bibi ni heshima, na mke mgeni hana pa kuanzia kukataa.

"Bado ananyonya, mama," nilisema. Huo ndio ulikuwa ukuta wangu pekee.

Wakati huo palikuwa na mama mmoja wa Kihindi mjini, ambaye familia yake ilikuwa inafunga duka ihamie mbali. Nilikuwa nikinunua vitambaa kwake. Siku moja aliona gauni langu lilivyolowa, akaingia stoo akatoka na pampu mbili za kukamulia maziwa ya mama. Moja ilikuwa ya mkono: kikombe cha kioo chenye mdomo mpana, na mpira wa kubonyeza. Ya pili ilikuwa ya umeme, aliyoletewa binti yake kutoka nje.

"Nenda nazo zote, mwalimu. Jaribu, unirudishie moja."

Jumamosi nikazichemsha kama muuguzi alivyonifundisha, nikakaa mezani na madaftari ya wanafunzi. Nilianza na ya mkono. Nilibonyeza na kuachia mpaka vidole vikafa ganzi, na maziwa yalifunika chini ya kikombe tu. Kisha nikachomeka ile ya umeme. Ilinguruma kama mashine ya kusaga, mama akamziba mtoto masikio. Lakini mkono wangu mmoja ulikuwa huru, nikasahihisha hesabu huku chupa ikipanda. Mama aliikodolea macho chupa ile kama mtu anayetazama mto ukifurika.

"Hii inatosha kijiji," alisema. "Basi, mwanangu, kazi imekwisha. Mtoto aende Kagoma, maziwa yatamfuata."

"Yatamfuata kwa miguu gani, mama?"

"Kwa basi. Samaki wanatoka hapa kwenye barafu wanafika kwetu macho bado yanang'aa. Maziwa yana ugumu gani?"

"Dereva namfahamu," mume wangu akasema. Nilimtazama, akarudi kwenye sahani yake.

Jumatatu nilirudisha ile ya umeme. Mama wa dukani alishangaa. "Mwalimu, unaacha hii? Mwenzako anakamua amelala."

"Umeme wa Bukoba unakatika."

"Unakatika, lakini unarudi."

Nyumbani nikatoa sababu hiyohiyo. Mume wangu akanisifu kwa busara. Mama alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Umeme," alisema. "Wewe unaogopa chupa ikijaa."

Niliona hakuna haja ya kumficha. "Ndiyo, mama. Naogopa."

Akamenya nyingine. "Nyumba yangu haina sauti tena. Nikikohoa, ninajisikia mwenyewe tu."

Nilimhurumia kwa moyo wote, na bado sikutaka kumpa mtoto. Usiku nilimwomba Mungu aniondolee moja kati ya hayo mawili. Hakuondoa hata moja.

Nikaendelea na pampu ya mkono, kikombe kimoja kila alfajiri. Kikombe hakikutosha. Siku moja, wakati wa mapumziko, nikamwona mama anapanda njia ya shule taratibu, mtoto mgongoni analia kwa njaa. Alisimama dirishani pa ofisi ya walimu, jasho linamtoka usoni.

"Mwalimu," aliniita mbele ya wenzangu, "mgeni wako huyo."

Nilinyonyesha nyuma ya kabati la vitabu, na mwalimu mkuu akajifanya hajaona. Kesho yake mama alipanda tena, na siku zilizofuata. Habari ya basi haikutajwa tena. Mwishowe alituma watu Kagoma wakafunge nyumba na kumwachia jirani kibanja, shamba lake la migomba.

"Kama maziwa hayaendi kwa mtoto," alisema, "mimi nitakaa kwenye maziwa."

Alikaa nasi Buhembe mpaka Bwana alipomwita. Ile pampu ya mkono nilimpa mwalimu mwingine. Mwanangu alikuwa akishiba ananyoosha mikono kutoka kifuani kwangu kwenda kwa bibi yake, na kila mara ilinichoma. Hata leo, mwenyewe akiwa na mvi, akisimulia habari za bibi yake kwa sauti ile ya upole, kitu kidogo hunichoma palepale. Namshukuru Mungu kwa kitu hicho pia, kwa kuwa hakichomi moyo usio na mtu ndani yake.

Wewe unayesoma, Bwana akujalie nyumba yenye sauti, na mikono zaidi ya miwili ya kuwapokea watoto wako. Amani yake ikae nawe.