Dada za Kokugonza

Zamani mgeni akiona ukutani kwako picha asiyoielewa aliuliza, siku hizi anaipiga picha kwa simu na kuisambaza mtaa mzima kabla hajamaliza chai uliyompa.

Kokugonza, mjane wa Kihaya, alikuwa jirani yangu hapa Buswelu. Ujanani alimpikia Mjapani mmoja, mtaalamu wa samaki kule Nyegezi. Mjapani alipoondoka alimwachia picha mbili zilizochapwa kwa vibao vya kuchonga, kila rangi na kibao chake. Ni wanawake wa madanguro ya kale ya kwao: nyuso nyeupe, vichanuo vimechomekwa nywele nzima, meno yametiwa weusi kama urembo. Wengi wao, Mjapani alimweleza, waliuzwa na baba zao kwa sababu ya njaa. Kokugonza, aliyetoroka mume mzee aliyechaguliwa na babake, aliwaita dada zake.

Mwaka huu Machibya, jirani yetu, alifiwa na mtoto. Kokugonza akafanya alivyofunzwa na mamake: msiba ukiingia, picha hufunikwa, zisitazame huzuni ya watu. Akazitupia kanga, akaenda kupika msibani. Gladness, msichana wa mtaani aliyetumwa kwake kuchukua sufuria, akafunua, akapiga picha.

Adhuhuri simu zote zilishasema: ni misukule, meno meusi kwa damu, na bibi huwafunika wakishashiba.

Nilijaribu kueleza habari za vibao. Ngosha, kiongozi wa vijana, akaniambia nikasome vitabu vyangu. Najua ajuza wanavyokufa Usukumani. Macho mekundu kwa moshi wa kuni yanatosha mtu kuitwa mchawi.

Walijaa uani kwake na mawe, na chupa iliyonuka petroli.

"Watoe tuwachome," Ngosha akasema.

"Ingia uwachukue," Kokugonza akajibu kutoka ndani.

Hakuingia mtu. Nadhani hapo ndipo alipoelewa hofu yao. Akatoka, picha moja kifuani, nyingine amejifunga mgongoni kwa kanga, uso nje.

"Shika basi, mwanangu."

Ngosha akarudi nyuma, akamkanyaga Machibya. Umati ukaachia njia.

Aliponipita alisema polepole, "Jirani, nyumba wataichoma. Naenda kwa Bernadetta." Huyo ni binti yake, anaishi Kisesa.

Moshi ulianza kabla hajafika barabarani. Vijana walimfuata kwa mbali, mawe mikononi, na hakuna aliyethubutu kurusha, kwa maana yule wa mgongoni alichungulia juu ya kanga kama mtoto aliyebebwa, akitutazama sote, hadi kona ya Kisesa ikamficha.