Meno ya Mwiba wa Mgongoni

Miaka ile soko huria lilipoingia na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi, ofisi yetu ya uvuvi Sumbawanga ilikuwa na watu watatu, ikatakiwa ibaki na wawili. Mgeni kazini nilikuwa mimi. Mkuu wangu akanipa mtihani bila kuuita mtihani: nikusanye samaki wadogo wa vijito vya Ufipa, nimletee kila aina kwenye chupa yake.

Nilijiona mjanja. Kuna aina mbili zinazofanana kama mapacha, wote urefu wa kidole, wote rangi ya fedha, ila mmoja ana madoa meusi ubavuni. Nikawatia wote kwenye chupa moja ya spiriti, nikaiweka dirishani nikijiambia kutafuta madoa ni kazi ya dakika kumi. Jua likapiga chupa ile wiki nzima na zaidi. Siku moja kabla ya kukabidhi naifungua, doa hata moja hakuna! Nikaichukua chupa, nikaenda nayo nyumbani.

Mama alikuwa amekuja kutoka kijijini kunitembelea nilikopanga, mtaa wa Katandala, amekaa barazani anachambua maharage. Nikamweleza yaliyonipata.

“Umewalewesha, sasa unawauliza majina,” akacheka. Akamtoa samaki mmoja chupani, akapitisha ukucha nyuma ya mwiba mkubwa wa pezi la mgongoni. “Huyu ana meno.” Akachukua wa pili. “Huyu hana. Shika mwenyewe.”

Nikashika. Wa kwanza alikwaruza kama msumeno mdogo, wa pili alikuwa laini kabisa.

“Tulipokuwa wasichana, huyu wa meno ndiye aliyetuchana vidole tukimtoa kwenye mtego wa mgono. Utamsahau vipi?”

Akasogeza ungo wa maharage pembeni, akawatenganisha wote bila hata kuwatazama, huku ananiuliza mbona nimekonda. Mimi nilisomea samaki chuoni miaka miwili, na nakiri sijaona mpaka leo mtu anayewajua namna ile. Nilimwonea fahari.

Kesho yake mkuu alizikagua chupa zile mbili kwa lenzi, samaki mmoja mmoja. Hakukuta kosa.

“Umewajuaje, na madoa yamefutika?”

“Nilifundishwa chuoni,” nikasema.

Nikabakizwa kazini. Nilipomwambia Mama, alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka, akanishika mikono yote miwili.

“Asante Mungu! Unaona faida ya shule, mwanangu? Ungekuwa kama mimi, si wangekufukuza?”

Nikaitikia, “Ndiyo, Mama.”