Mlima wa Mheshimiwa

Shangazi yangu akikasirika hupiga pasi. Hachagui. Shuka, taulo, soksi, hata kitambaa cha kufutia vyombo, vyote hunyooshwa mpaka vikaomba msamaha. Kwa hiyo jioni ile nilipoingia nyumbani nikakuta nguo za ukoo mzima zimepangwa mezani kama askari wa gwaride, sikuuliza kama kuna tatizo. Nilimuuliza bibi, mama yake, aliyekaa dirishani, tatizo ni la nani.

"La mlima, mume wangu," bibi akanijibu. "Shangazi yako amezaa mlima, sasa anataka kuurudisha tumboni."

"Mama, usinichekeshe, nitaunguza shati," shangazi akasema, na hakucheka.

Nianze na kazi yake, maana watu mtaani wanaamini anauza samaki. Shangazi ni mpimaji wa bahari. Chini ya boti yao kumefungwa chombo kinachotuma mlio kwenda chini. Mlio unagonga sakafu ya bahari na kurudi, na kompyuta inahesabu umechukua muda gani, ndipo kina kinajulikana. Mlio ukirudi kwa nguvu, chini kuna mwamba. Ukirudi umelegea kama mtu aliyetumwa dukani bila hamu, kuna tope au majani. Boti huenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mtu anayedeki sebule, kila mstari ukilalia kidogo ule wa jirani ili pasibaki mahali pakavu. Mwisho hutoka ramani ya rangi: hapa mchanga, hapa matumbawe, hapa majani wanayokula kasa. Ni kazi ya macho, subira na mgongo usiouma. Kazini wanamwita Mwangwi, kwa sababu ukimtupia neno linakurudia, tena kwa kasi kuliko lilivyoenda.

Sasa huo mlima. Asubuhi ya siku iliyotangulia walikuwa baharini, skrini inaonyesha sakafu bapa kama meza, mara sakafu ikainuka. Ikainuka mpaka ikakaribia nusu ya njia ya kufika juu. Shangazi akapiga yowe, "Mlima!" Nahodha akajimwagia chai mapajani. Mkurugenzi wa ofisi, ambaye huonekana botini kama mwezi unavyoonekana mchana, siku hiyo kwa bahati mbaya ya dunia nzima alikuwemo. Akaipiga skrini picha kwa simu. Boti haijafunga kamba bandarini, mlima ulikuwa umeshatolewa zawadi. Ungeitwa kwa jina la Mheshimiwa, mkubwa wa wizara yao, na siku ya kuuzindua ingepangwa.

Nijuavyo mimi, kwenye ofisi ile anayegundua mlima chini ya bahari ndiye hupendekeza jina. Shangazi alikuwa tayari ameshampa mama yake kichwani, njia nzima ya kurudi. Bibi alipoambiwa baadaye alisema, "Afadhali hawakukusikiliza. Mimi kuitwa kwa jambo la uongo sitaki, nimeshaitwa kwa mengi."

Maana ulikuwa uongo. Kesho yake ofisini, shangazi akiisafisha kazi ya jana kwenye kompyuta, aliona mambo mawili yaliyomtoa jasho. La kwanza, mstari wa jirani, uliopita palepale boti ilipokuwa inarudi, haukuonyesha mlima wowote. La pili, alipofungua mwangwi wote kutoka juu ya maji hadi chini, aliona chini ya mlima kuna sakafu. Sakafu nzima, bapa, imetulia, na mlima unaelea juu yake kama wingu.

Walikuwa samaki. Kundi lililobanana kiasi kwamba kompyuta ilidhani ni ardhi, na yeye naye akadhani.

Aliona haya, halafu akafurahi, na sababu ya kufurahi ndiyo kiini cha kisa hiki. Mlima hauna haraka; utakuwepo kesho na keshokutwa. Lakini samaki wengi hivyo mahali pamoja maana yake wana jambo lao pale, na mahali kama hapo pakiandikwa kwenye ramani, mtu anaweza kusema: jamani, hapa nyavu kubwa zisipite. Pakiandikwa mlima, nani ataomba mawe yahurumiwe? Basi akapanda ngazi kwa mkurugenzi, mkono mmoja una karatasi, mwingine unagonga mlango.

"Mkurugenzi, naomba nifute mlima."

"Mlima upi?"

"Wa jana. Nilikosea. Ni samaki."

Mkurugenzi akainuka akafunga mlango. "Mama, unajua nimeshampigia nani?"

"Mpigie tena. Simu haina bikira."

"Milima haifutwi."

"Ya mawe haifutwi. Huu una mapezi."

"Lakini wewe ndiye uliyesema mlima. Boti nzima tulikusikia."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe. Kosa ni langu, nirudishie."

Jamaa akatabasamu, lile tabasamu la watu wanaokupa mkono huku wanaangalia saa. "Hilo si kosa tena, mama. Sasa ni mafanikio ya ofisi."

Hapo ndipo pasi ilipowashwa. Mimi nimeona watu wakigombania mashamba, wakigombania marehemu, wakigombania kiti cha mbele. Sijawahi kuona mtu akinyimwa kosa lake mwenyewe. Nchi imejaa watu wanaokimbia makosa yao hata yakiwafuata na vitambulisho. Huyu mmoja analifuata la kwake, anaambiwa limeshachukuliwa!

"Jina langu litakaa chini ya ile ramani," shangazi alisema, akiigandamiza soksi. "Mgunduzi ni fulani. Miaka yote. Mtu atapita pale na meli, akute maji matupu, aseme, huyu fulani alikuwa amelewa nini?"

"Waombe mpite tena," nikasema.

"Nimeomba. Wamesema hakuna mafuta."

Mafuta ya kuhakiki hayakuwepo. Mafuta ya kuzindua yalipatikana, na yakabaki. Zilipatikana pia kofia zenye picha ya mlima, na mlima kwenye kofia ulikuwa na theluji kileleni. Chini ya bahari! Aliyeuchora alipewa kazi, na nina hakika alilipwa kabla ya wengine.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alikuja, mama wa makamo, mtaratibu, anayesikiliza zaidi ya anavyosema, jambo linalowatisha sana wakurugenzi. Boti ikaenda mpaka pale palipowekwa alama. Bahari ilikuwa shwari kama maji ya beseni. Shangazi akaketi mbele ya skrini, wageni wakajipanga nyuma yake na kofia zao za theluji.

Sakafu bapa.

Nahodha akapita tena. Bapa.

Mkurugenzi akainama sikioni mwa shangazi. "Tafuta."

"Nitafute nini?"

"Mlima, mama!"

"Kama ni mlima, uko palepale ulipoachwa."

"Mashine ina hitilafu," mkurugenzi akatangaza kwa wageni, mikono imepanuliwa kama anayebariki ndoa. "Hivi vyombo vya sauti, Mheshimiwa, vina tabia zake."

Mheshimiwa akamgeukia shangazi, akamuuliza, "Mama, mlima wangu uko wapi?"

"Mheshimiwa, umetoka kidogo."

Nahodha, aliyenisimulia haya yote zaidi ya mara moja, anasema watu walitazama viatu vyao. Boti ikageuzwa kurudi bandarini. Walipokuwa wamekwenda mbali kabisa na alama, sakafu kwenye skrini ikainuka. Ikainuka vilevile, umbo lilelile, bega lilelile.

"Ule pale!" mkurugenzi akaruka. "Mheshimiwa, ule pale! Nilisema!"

"Mkurugenzi," shangazi akasema, "tumeiacha alama nyuma kama kutoka ofisini kwako mpaka sokoni. Mlima wako umekuja kwa miguu?"

Wakati wanabishana, nahodha alisimamisha injini, akachukua mshipi wake wa uvuvi uliokuwa chini ya kiti, akautupa. Haukukaa muda majini. Akavuta samaki mnene wa rangi ya fedha, akambwaga sakafuni, samaki akapigapiga mkia hadi karibu na viatu vya Mheshimiwa.

"Kipande cha mlima hiki," nahodha akasema.

Wewe msomaji unadhani kisa kimeishia hapo. Na mimi nilidhani. Shangazi alirudi nyumbani siku hiyo hakugusa pasi. Alikaa, akavua viatu, akamsimulia bibi huku anacheka mpaka machozi. Mheshimiwa alikuwa amemtazama samaki, akamtazama mkurugenzi, akasema neno moja, "Turudi." Nani asingedhani mambo yamekwisha?

Taarifa ya ofisi ikatoka. Mlima ulitembelewa na ujumbe mzito, ila hali ya bahari haikuruhusu uonekane vizuri. Maji ya beseni hayakuruhusu! Na Mheshimiwa? Kimya. Labda alikuwa na mambo makubwa zaidi ya samaki. Mimi nasema aliyeona na akanyamaza ni pacha wa aliyedanganya, tofauti yao ni kofia tu.

Ramani ikachapishwa na mlima ndani yake, jina la Mheshimiwa limepinda kwa madaha kuufuata mteremko. Pembeni, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, waliandika: *kuwepo kwake kuna shaka*.

"Shaka ya nani?" shangazi alifoka, akipiga pasi pazia likiwa bado linaning'inia dirishani. "Mimi sina shaka! Nahodha hana shaka! Hata yule samaki hakuwa na shaka!"

"Yule samaki tungemla," bibi akasema, "asingekuwa na neno."

Shangazi akahamishwa. Mkurugenzi alimwambia anahitaji mapumziko ya boti, akampeleka stoo ya ramani, chumba cha chini kisicho na dirisha, rafu mpaka darini, feni inayozunguka kwa kujitolea. Alidhani amemfunga. Hapo ndipo ninapomshukuru Mungu kwa kuwaumba wakubwa wasiojua ofisi zao zinafanya nini.

Ramani ya bahari ikishachapishwa haitupwi kila jambo linapobadilika. Boya likihamishwa, meli ikizama, linakuja tangazo la masahihisho kutoka ofisi nyingine kabisa, ambayo mkurugenzi hana sauti juu yake. Na mtu wa stoo anakaa na rula na kalamu ya wino wa zambarau, anasahihisha kila nakala kwa mkono kabla haijauzwa. Matangazo hayo hutokana na taarifa za manahodha. Yeyote anayepita mahali akakuta pako tofauti na ramani ana haki ya kuandika.

Shangazi akamfuata nahodha. "Andika."

"Nitaandika, dada."

"Lini?"

"Mambo haya yanataka utulivu."

Aliandika siku aliyokabidhi funguo za boti na kustaafu. Asubuhi alikula keki ya kuagwa pamoja na mkurugenzi, mchana akaandika. "Ushujaa wa kustaafu!" shangazi alisema, lakini alimpelekea shati jipya, limenyooshwa. Taarifa yenyewe ilikuwa fupi: *Nimepita juu ya mlima. Mlima haupo. Samaki wapo.*

Tangazo lilichelewa, halafu likaja. Futeni mlima na jina lake. Andikeni: mkusanyiko wa samaki. Nakala zote.

Shangazi alizisahihisha rafu kwa rafu. Mstari mmoja mwembamba juu ya jina, maneno mapya pembeni kwa mwandiko wa shule. Alipomaliza stoo akatazama tena lile tangazo, akasoma kwa sauti, "Nakala zote," akachukua rula, kalamu na bisibisi, akapanda ngazi.

Ukutani kwa mkurugenzi ile ramani ilikuwa ndani ya fremu ya dhahabu.

"Hiyo ni ya ukutani tu, mama," mkurugenzi alisema alipoona bisibisi.

"Na ya ukutani ni ramani."

"Haiuzwi! Hakuna meli inayosafiri kwa kutumia ukuta wangu!"

"Basi tangazo lingesema nakala zote isipokuwa ya ukuta wako. Nishikie kioo."

"Mheshimiwa akija akaona je?"

"Si alikuwepo? Shika kwa chini, kisikukate."

Akashika. Na mimi sina huruma ya kumpa. Shangazi akailaza ramani juu ya meza yake, juu ya faili zake, akaweka rula, akapiga mstari polepole juu ya jina la Mheshimiwa kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Akaandika samaki. Halafu chini pembeni, mahali anapoweka sahihi mtu aliyesahihisha, akaandika jina lake lote, la baba na la babu, na kupuliza wino ukauke.

"Sasa ni langu," akasema. "Rudisha kioo."

Jioni hiyo pasi ilikuwa kabatini. Bibi alilala mapema. Kesho yake nilitoka kwenda kutafuta kazi na shati lenye makunyanzi, na sikulalamika.