Kompyuta Iliyofungwa Kitenge

Miaka ya vita, kwetu Karuba, tuliambiwa kwamba kompyuta haiwezi kufanya kazi Walikale. Eti ndani yake mna mawe yaliyochimbwa kule. Yakirudi kwao yanatambua udongo na kugoma. Niliamini kuliko aliyenihadithia. Niliposindikiza kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi vizuri kwenye redio ya kijiji chetu hadi Mpofi, ndani ya Walikale, niliizungushia kitenge ili isione njia.

Ikatambua tu! Tulipoiwasha Mpofi na kadi yake ya sauti pekee, ilinguruma vizuri, lakini tulipochomeka kadi ya pili, ile ya kupokea ujumbe wa foni, yaani redio ya kuitana, kutoka vijiji vya mbali, ikaganda. Nje, watu waliotawanywa na vita walijazana madirishani wakingoja kusikia nani yuko hai, na yuko wapi. Mfanyabiashara wa Butembo aliyetuazima mashine akapanda kamyo yake.

“Kaka, kama haitumike, naibeba, naenda nayo Goma.”

“Ngoja, Papa!”

Nilikuwa na diploma ya shule ya jioni, wino haujakauka, na kifua kipana kuliko milima yote ya Masisi. Nikafungua kiini cha mfumo, yaani programu kuu inayotawala vifaa vyote. Kila kadi ina pilote yake, programu ndogo ya kuiendesha. Pilote zote mbili zilikuwa zimejitwalia laini namba tano, ile ambayo kadi huitumia kuita kompyuta. Hakuna iliyoomba. Nikasema moyoni: ni mawe njo yamezichochea.

“Peleka moja ku saba, tumalize,” mfanyabiashara akasema.

“Na kadi ya tatu ikikuja?”

“Itajipangia yenyewe.”

“Hapana, Papa! Kujipangia njo kumetufikisha hapa. Mwenye bunduki anafika, anachagua nyumba, mwenye nyumba analala mu migomba. Mu kompyuta hii hakuna wa kujichagulia!”

“Muntu wa diploma moja, kelele kumi,” akajibu, akawasha injini.

Acha awashe. Kwenye soko la Mpofi hakuna anayetua kikapu anapotaka. Unamwendea mama wa soko, unamwambia: niko na samaki, nataka kivuli, au: niko na maharage, hata juani nakaa. Yeye anatazama palipo wazi, anakupa. Ukiondoka, unamrudishia nafasi yake. Vita vilipita juu ya soko lile, desturi haikuondoka. Nikaiandika hiyo hiyo ndani ya kiini: pilote itaje laini inazoweza kutumia, kiini kichague iliyo wazi na kuikabidhi, na pilote ikizimwa, irudishe. Niliandika kwa hasira mpaka vidole vikatoa moshi.

Tukawasha. Kadi ya sauti ikapewa tano, ya foni ikapewa kumi. Ikaingia sauti ya kukwaruza kutoka Kibua: watoto waliopotea njiani wamefika, wamekula, wamelala. Dirishani mama mmoja akapiga vigelegele, kisha akaketi chini. Mfanyabiashara akazima kamyo.

“Mumeona?” nikajigamba. “Nimeyatiisha mawe ya Walikale!”

Mama anayeongoza redio ya Mpofi hakuinua hata macho, alikuwa akiirekebisha mikrofoni.

“Kaka, hakuna jiwe lililogoma. Walioandika pilote hizi mbili, kila mumoja alijichagulia tano bila kuuliza. Kwenu Karuba mulikuwa na kadi moja tu. Hii mashine ingeganda hata Goma.”